Helena, Mama Aliyeachwa

Katika akiba za sarafu za kale vimo vipande vidogo vya dhahabu, uzito wake wapata gramu 4 na nusu, vyenye sura ya mwanamke. Nywele zake zimefungwa utepe wa kifalme, na kandokando limeandikwa jina: Flavia Helena Augusta. Ndiye Mtakatifu Helena, ambaye sikukuu yake ni tarehe 18 Agosti.

Mtazamaji atadhani alizaliwa jumbani. Sivyo. Mtakatifu Ambrosi, aliyehubiri habari zake mwaka 395, asimulia kwamba alikuwa mtumishi katika nyumba ya wageni. Aliishi na askari Constantius, akamzalia Konstantino. Katika kupanda cheo hata kufanywa Kaisari mwaka 293, Constantius alimwacha Helena, akamwoa Theodora wa nyumba ya mfalme Maximianus. Katika parokia zetu wapo akina mama walioachwa namna hiyo siku waume wao walipopata kazi kubwa. Hao hawahitaji kufafanuliwa habari hii.

Mwanawe hakumsahau. Mwaka 324, akiwa mtawala pekee wa Dola ya Rumi, alimpa mama yake, aliyekwisha kupita miaka 70, cheo cha Augusta. Alimpa pia mkewe Fausta, na dhahabu ikapigwa kwa sura za wote wawili. Upande wa pili wa sarafu za Fausta huonekana mama amepakata watoto wawili. Wa sarafu za Helena, mwanamke mwenye tawi mkononi, mfano wa usalama wa dola. Usalama gani! Mwaka 326 Konstantino aliamuru Crispus, mwanawe kwa mke mwingine, auawe. Kisha Fausta naye akauawa. Sarafu zake zikakoma.

Baada ya msiba huo bibi mzee alifunga safari kwenda Nchi Takatifu. Wengine husema alikwenda kuonyesha ukuu wa mwanawe. Sisi twaona kwamba bibi aliyefiwa na mjukuu haendi mbali hivyo kwa ajili ya fahari. Makanisa yakajengwa Bethlehemu na juu ya Mlima wa Mizeituni, na mapokeo yasema ndiye aliyeuvumbua Msalaba. Lakini Eusebi, askofu wa Kaisaria wakati ule, asimulia jambo tulipendalo zaidi: aliingia kanisani kati ya watu kwa mavazi ya kiasi, akawagawia maskini fedha na nguo, akawafungua wafungwa na waliotumikishwa migodini.

Alikufa yapata mwaka 330. Konstantino alipofariki mwaka 337, zilipigwa sarafu ndogo za shaba kwa ukumbusho wa Helena, na nyingine kama hizo kwa ukumbusho wa Theodora. Hivyo mke aliyeachwa na mke aliyeolewa mahali pake wakaenda sokoni katika mfuko mmoja.