Mwenda Jean Bosco: gita ya mbao katika inchi ya mukuba

Jumamosi moja, hapa kwetu Tshangalele, kijana alileta gita ya umeme kwenye arusi ya binamu yake. Gita nyembamba ya mbao nzito, isiyo na tumbo wala tundu, rangi nyekundu iliyoanza kubabuka, mutindo wa zamani. Chini, pale kamba zinapofungwa, kulikuwa kipande cha chuma chenye mukono mudogo. Akiubonyeza ule mukono, sauti inashuka, inatetemeka sawa maji ya ziwa wakati wa upepo, halafu inarudi pahali pake. Batoto walimuzunguka, bamama walicheza, kila mutu alifurahi.

Saa tatu ya usiku kuran ikakatika. Gita ile ikanyamaza. Ukiigusa unasikia tik-tik tu, sawa mutu anayekuna sufuria na ukucha. Muzee mumoja, fundi wa zamani wa Gécamines, akaomba wamuletee gita ya kawaida, ile ya tundu. Haikupatikana arusi nzima. Muzee akasema kwamba angekuwa Mwenda, arusi ingeendelea mpaka asubui. Na kijana, kwa heshima yote, akamuuliza Mwenda gani.

Njo maana tunaandika. Kwa sababu ule Mwenda hakutoka mbali. Alikuwa mutu wa hapa, na sauti yake ya kwanza iliyofika ulimwenguni ilikamatwa Likasi, katika muji wetu wenyewe.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya Bayeke. Wazee wetu wanajua historia ile: Msiri alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaweka ufalme wake Bunkeya, na akafia pale mwaka 1891 wakati Wazungu walipokuja kuchukua inchi. Mwenda ni jina la ukoo ule ule wa kifalme. Jean Bosco ni jina la mutakatifu ambaye mapadri Wasalesiani walikuwa wamemuleta Katanga tangu 1911. Majina mawili, dunia mbili, na yule mutu aliishi katika zote bila kuona haya.

Mwaka 1930 sisi wa Tshangalele tunaukumbuka kwa jambo lingine. Ni mwaka ambao mitambo ya Mwadingusha ilianza kutoa umeme. Walifunga muto Lufira, maji yakapanda, yakafunika mabonde, na ziwa letu likazaliwa. Samaki tunaokula leo wanatoka kwenye ziwa lililotengenezwa ili viwanda vya Likasi vipate kuran ya kusafisha mukuba. Basi mutoto wa Bunkeya na umeme wa Katanga ni watu wa rika moja. Na yeye alipata jina bila kuutumia.

Alikua wakati Likasi ilikuwa inaitwa Jadotville. Ni vizuri vijana wajue kwamba makambi ya Union Minière yalikuwa na watu wa kila upande: Kasai, Rwanda, Rodezia, Angola, na wenyeji Basanga, Balamba, Baluba. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili, kile chetu, chenye kukunjika kidogo lakini kinafika. Na chombo cha kuwaunganisha kikawa gita. Ilikuwa nyepesi, mutu anaibeba begani, anaipiga akitembea, anaipiga akingojea rafiki yake atoke kazini. Haikudai ngoma, haikudai kundi. Mutu mumoja alikuwa bendi nzima.

Mwenda aliipiga kwa vidole viwili tu vya mukono wa kuume: kidole gumba na kile cha kuonyesha. Gumba linashuka kwenye kamba nene, linatembea bila kusimama, sawa hatua za mutu anayekwenda kazini. Kidole cha kuonyesha kinapanda kwenye kamba nyembamba na kusema maneno mengine kabisa. Sauti mbili zinafukuzana, zinapishana, mara moja inachelewa makusudi ili nyingine ipite mbele. Mutu anayesikiliza bila kuona anaapa kwamba wapigaji ni wawili. Na juu ya yote yule bwana anaimba, polepole, sawa mutu anayeongea na jirani kwenye barza.

Mwaka 1952 alipita hapa Muingereza mumoja aliyeishi Afrika ya Kusini, jina lake Hugh Tracey. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika na mashine za kurekodi, akikusanya nyimbo za vijiji na za makambi. Alimukuta Mwenda katika njia ya Jadotville, na gita mukononi. Mwenda alikuwa na miaka kama 22. Tracey akamurekodi. Kati ya nyimbo zilizotoka ni Masanga na Bombalaka. Tunaomba mutu asome hii polepole: hapakuwa studio, hapakuwa anpli. Kijana, mbao, kamba sita na vidole viwili.

Masanga ikapata tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika uliorekodiwa mwaka ule. Diski zake zikauzwa na kampuni ya Gallotone ya Afrika ya Kusini, zikasafiri kuliko yeye mwenyewe. Zilifika Rodezia, zikafika Tanganyika, zikafika Kenya. Miaka michache nyuma yake muprofesa wa muziki, David Rycroft, aliandika masomo marefu juu ya namna Mwenda alivyopiga, noti kwa noti, sawa vile wanavyoandika juu ya mabwana wakubwa wa Ulaya. Wanafunzi katika vyuo vya mbali walijifunza kupanga vidole vyao kwa kufuata vidole vya kijana wa Likasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi. Kule alipiga kwenye redio, na akaimba wimbo wa kutangaza dawa ya Aspro. Vijana wa leo watacheka, lakini mbona wanamuziki wakubwa wa leo wanaimba juu ya bia na simu? Ndugu yake Edouard Masengo naye alifika Nairobi. Wapigaji wa Kenya waliwasikia hawa wawili, na Kiswahili cha Katanga hakikuwazuia kuelewa. Zamani tulizoea kusema kwamba muziki unakuja kwetu kutoka nje. Katika miaka ile ulitoka hapa ukaenda mashariki.

Sasa turudi kwenye gita ya kijana wa arusi, kwa sababu historia yake inapita katika maisha ya Mwenda.

Wakati Mwenda alikuwa anaanza kusikika, Amerika walikuwa wameshatengeneza gita ya mbao nzima. Gita yenye tumbo tupu, ukiiunga na anpli na kuiongezea sauti, inaanza kupiga makelele yenyewe. Mbao nzito inaondoa shida ile. Chini ya kamba wanaweka sumaku, na sumaku inazungushiwa waya mwembamba wa mukuba, mizunguko maelfu. Kamba ya chuma ikitikisika, inaamsha kuran ndogo ndani ya waya, na anpli inaikuza. Sumaku zilizotumika sana zinaitwa alniko: alumini, nikeli, kobalti. Ndugu zetu wachimbaji wameshaelewa tunakokwenda. Katika miaka ile Katanga ilikuwa ya kwanza duniani kwa kobalti. Hatuwezi kuchukua gita moja na kusema kobalti yake ilipita Shituru ao Panda. Lakini mukuba na kobalti ni kazi ya baba zetu, na bila vitu vile viwili gita ile ni ubao tu.

Ule mukono wa kutetemesha sauti nao una wenyewe. Paul Bigsby, fundi wa vyuma na mupenda pikipiki wa California, alitengeneza mumoja uliojulikana sana. Leo Fender akatoa wa kwake mwaka 1954, wenye springi ndani ya gita, kwenye gita aliyoiita Stratocaster.

Kongo haikuchelewa. Mwaka 1953 Mubelji Bill Alexandre alifika Léopoldville na gita ya umeme, akaanza kurekodi kule. Vijana wa Léopoldville wakamuangalia, wakashika, wakamupita. Nico Kasanda, ambaye watu walimuita Docteur, na Franco Luambo wakafanya gita ya umeme iongee Kilingala. Mwaka 1960 African Jazz ya Kabasele waliimba uhuru, na tangu pale kila bar ya Likasi, ya Kolwezi, ya Élisabethville ilitaka bendi: gita tatu, besi, tumba, tarumbeta. Nani angelipa mutu mumoja na gita ya tundu? Watu walikuwa wanataka kucheza dansi, na chumba kilikuwa kikubwa.

Hatumulaumu mutu. Sisi wenyewe tulicheza. Lakini tunaona kwamba pale njo ilianza ile kusahau ya kijana wa arusi.

Nje, mambo yalikwenda kinyume. Amerika, katika muji wa Newport, kuna tamasha la muziki wa watu. Mwaka 1965 muimbaji Bob Dylan alipanda pale na Stratocaster, gita ya umeme yenye mukono wa kutetemesha, na sehemu ya watu wakamuzomea. Waliona amewauza. Miaka mine nyuma yake, katika mwezi wa saba 1969, kwenye tamasha lile lile, walimualika Mwenda Jean Bosco. Ni siku zile zile ambazo watu wa kwanza walitua juu ya mwezi. Fikirini: kule watu walikuwa wamegombana juu ya umeme, wakimutafuta mutu anayeweza kushika uwanja na gita moja, na yule waliyemuita alitoka kwetu, ambako tulikuwa tumeshaanza kumuona kama mambo ya baba.

Tusimufanye Mwenda mutu wa kukataa umeme, ingekuwa uongo. Yeye mwenyewe alikuwa na bendi, Super Shaba, na bendi ile ilipiga muziki wa wakati wake. Alikaa Lubumbashi sehemu kubwa ya maisha yake. Alikuwa na familia, alijua pesa zinavyotafutwa. Wakati Katanga ilipogeuka Shaba na majina ya kikristu yakaondolewa kwa amri ya Mobutu mwaka 1972, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Jina lile halikuwa la kumusumbua, lilikuwa lake tangu Bunkeya.

Lakini kila mara wageni walipomutafuta, hawakumutafuta mukubwa wa bendi. Walitaka vidole viwili. Muingereza John Low, mupiga gita, alisafiri mpaka Shaba kuwatafuta wazee wa gita, akaandika kitabu juu ya safari yake. Mwaka 1982 Mwenda alipiga Ujerumani. Mwaka 1988 alikuwa Cape Town, na kule akarekodi tena nyimbo zake, sauti imekomaa, vidole bado viko. Waliosikia rekodi ya 1952 na ile ya 1988 moja nyuma ya nyingine wanakubali kwamba muzee anapiga kwa utulivu zaidi, lakini gumba halijasimama hata mara moja.

Katika mwezi wa tisa 1990, Mwenda alikufa katika ajali ya gari inchini Zambia. Alikuwa na miaka 60. Rekodi zake za Cape Town zilitoka Amerika kwenye diski mwaka 1994, mwenyewe ameshazikwa.

Mambo yalivyokuwa hapa katika miaka ile, kila familia ya Likasi inajua. Mugodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwezi huo huo wa tisa 1990, Gécamines ikaanza kuanguka, mishahara ikapotea, na katika nyumba nyingi vitu viliuzwa: redio, gramofoni, baiskeli, gita. Katika nyumba yetu diski za baba zilikwenda na gramofoni yake, kwa mifuko miwili ya bunga. Hatukulia juu yake. Tulikula.

Ile kazi ya fundi muzee wa arusi tumeisikia baadaye. Kijana alirudi kwake siku ya pili na gita yake nyekundu, bila anpli. Muzee hana gita tena, na vidole vyake viwili vya mukono wa kushoto vilibaki kiwandani. Lakini wa kuume ni muzima. Akamwambia kijana ashike kamba kwa mukono wa kushoto, na yeye akapiga kwa wa kuume, gumba na kidole cha kuonyesha, wawili kwenye gita moja, pale kwenye kiti cha mbele ya mulango. Ule mukono wa chuma ulikuwa unawasumbua, unagonga kiganja cha muzee. Kijana akachukua funguo, akaufungua, akautia mufukoni.

Ilikuwa Masanga. Haikutoka vizuri. Kijana anachelewa kubadilisha vidole, na muzee hapendi kungoja. Tunasikia wanaendelea, kila siku ya pili, saa ambayo wavuvi wanarudi kutoka ziwani.