Otenyo, kijana wa mkuki

Kama kwenu ni Kisii ama Nyamira na hujui Otenyo Nyamaterere ni nani, kaa hapo kidogo. 1905 Waingereza waliwaendea Wagusii na bunduki, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe. Moraa wa Ngiti, mganga na mtabiri, akawaambia vijana wasinyamaze. Januari 1908 Otenyo akamvizia afisa Northcote, akamchoma mkuki. Mzungu akapona, baadaye hata akawa gavana wa Hong Kong. Lakini vijiji vilichomwa, na Otenyo akakamatwa, akauawa. Wagusii husema kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na bado wanakidai wakizike. Ukienda ushago, muulize nyanya yako habari zake mapema. Usingoje matanga ndiyo uulize.