Afonso, Mfalme wa Kongo

Zamani palikuwa na ufalme mkubwa upande wa kusini wa mlango wa mto Kongo. Mji wa mfalme uliitwa Mbanza Kongo. Leo mji huo umo katika nchi ya Angola. Wareno walifika pwani ile kwa merikebu katika mwaka wa 1483. Mwaka wa 1491 mapadri walimbatiza mfalme, na pia mwana wake, Mvemba a Nzinga. Mwana huyo akapewa jina la Afonso.

Baadaye baba yake aliiacha dini, lakini Afonso aliishika. Karibu na mwaka wa 1509 akawa mfalme. Alipenda masomo sana. Akajenga shule kwa vijana 400, akaizungushia ukuta mrefu wenye miiba juu, wanafunzi wasiruke na kutoroka! Dada yake aliwafundisha wasichana. Mwana wake Henrique alikwenda kusoma Ureno, naye akawa askofu.

Lakini wafanyabiashara hawakuja kwa ajili ya masomo. Katika kisiwa cha São Tomé Wareno walikuwa na mashamba ya miwa, nao walitaka watumwa wa kuyalima. Kwa desturi ya nchi, mateka wa vita aliweza kuuzwa, lakini mtu huru hapana. Afonso mwenyewe aliuza mateka, akapokea vitu vya Ulaya.

Tamaa haina mpaka. Baada ya miaka, watu wabaya wa nchi walianza kuwakamata wenzao usiku, wakawauza wapate nguo na vitu vingine. Watu huru walichukuliwa, na wana wa wakubwa, hata ndugu za mfalme.

Mwaka wa 1526 Afonso alimwandikia barua mfalme wa Ureno. Alimweleza kwamba nchi yake inaharibika na watu wanakwisha. Hakutaka tena bidhaa zao. Aliomba mapadri na walimu tu, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Misa. Kisha akaweka watu watatu wa kuchunguza kila mtu anayeuzwa, kama ni mateka kweli ao mtu huru.

Biashara haikukoma. Siku moja ya Pasaka, Afonso akiwa kanisani katika Misa, Wareno kadhaa walimpiga bunduki. Risasi ilipita katika nguo yake, naye akapona. Akafa karibu na mwaka wa 1542.

Baada yake mambo yalizidi kuwa mabaya. Kwa miaka zaidi ya 300 watu zaidi ya milioni 12 walipakiwa katika merikebu kwenye pwani za Afrika, wapelekwe Amerika. Wengi sana walitoka pande za Kongo na Angola. Nchi ya Brazil ndiyo iliyokawia kuliko zote za Amerika: iliwaacha watumwa huru katika mwaka wa 1888.

Wazee wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Afonso aliuona ufa, akajaribu kuuziba, lakini kwanza alikuwa ameuacha wazi kwa mateka. Mateka naye alikuwa mtu, mwenye mama na nyumba yake.

Maulizo
1. Kwa nini ukuta wa shule ulikuwa na miiba?
2. Afonso aliomba nini katika barua yake?
3. Ni kosa gani alilolifanya yeye mwenyewe?