Patrick Manson: Daktari aliyefuata minyoo ya matende ndani ya mbu

Katika mwambao wetu bado wapo wanaosema mabusha huletwa na madafu. Ukweli ulianza kujulikana mwaka 1877 nchini China, kwa kazi ya daktari mmoja kutoka Scotland.

Patrick Manson alizaliwa Oktoba 3, 1844, huko Oldmeldrum, akasomea udaktari Aberdeen. Mwaka 1866 alikwenda Taiwan kuwa daktari wa forodha ya China, na mwaka 1871 akahamia bandari ya Amoy. Huko aliwapasua wagonjwa wengi wa matende na mabusha. Ilishajulikana kuwa damu ya baadhi yao ina viminyoo visivyoonekana kwa macho. Swali lake lilikuwa, vinatokaje kwa mtu mmoja vikamfikia mwingine?

Mtunza bustani wake alikuwa na viminyoo hivyo. Manson alimlaza usiku penye mbu, kisha akawapasua mbu walioshiba damu yake. Kwa hadubini akaviona viminyoo vikikua ndani yao. Baadaye iligundulika pia kuwa viminyoo hujaa kwenye damu usiku, wakati mbu wanapouma. Ndiyo maana hata leo wapimaji huja kuchukua damu usiku.

Njia ya kumrudia binadamu, hata hivyo, aliikosea. Alidhani mbu hufia majini na watu hunywa maji yenye viminyoo. Mwaka 1900 George Carmichael Low alivionyesha vikiwa katika mdomo wa mbu, tayari kumwingia mtu anapoumwa.

Wazo la Manson kuhusu mbu na malaria ndilo lililomwongoza Ronald Ross, aliyeona vimelea ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Miaka miwili baadaye Manson alianzisha skuli ya tiba ya nchi za joto mjini London. Alifariki Aprili 9, 1922.

Kwa wakazi wa Kisiwa Panza na Pemba nzima, kazi hiyo ina maana hadi leo. Minyoo mikubwa huishi mwilini kwa miaka, ikiharibu mishipa ya limfu polepole. Mtu asiye na uvimbe wowote anaweza kuwa nayo, na mbu akaichukua mbegu kwake. Kwa sababu hiyo, Zanzibar ilipoanza kugawa dawa mwaka 2001, waliomezeshwa hawakuwa wagonjwa peke yao.

Basi meza dawa zinapogawiwa, lala ndani ya chandarua, na ziba shimo la choo, maana mbu huzaliana humo. Dafu halina kosa.