Sheikh Al-Amin Mazrui: Kadhi aliyeanza na kalamu

Kila mjadala wa Mahakama ya Kadhi unapopamba moto, hukosi kumsikia mtu akidai kwamba kadhi ni wa kufungisha ndoa na kuandika talaka tu. Hapo mimi humkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Jina lake lilikwisha kuvuma mwambao mzima kabla hajakalia kiti hicho.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Nani asiyewajua hao? Lakini hakuishia kwenye vitabu vya masheikh zake. Alikuwa akifuatilia pia maandiko ya wanachuoni wa Misri, hasa jarida la Al-Manar la Rashid Rida, na humo ndimo fikra ya kuuamsha umma kwa maandishi ilimwingia.

Mwaka 1930 akaanzisha Sahifa, karatasi ndogo tu, kwa Kiswahili. Ndugu msomaji, usidharau karatasi ile. Humo aliwauliza Waislamu wa pwani kwa nini wanauza ardhi za wazee wao, kwa nini wanafuja mali katika arusi na matanga, kwa nini wameiacha elimu, na kwa nini wanaiga ya Wazungu yasiyo na faida na kuyaacha yenye faida. Hakuwabembeleza. Februari 1932 ikafuata Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu.

Mwaka huohuo akawa Kadhi wa Mombasa. Al-Islah ikazimika mwaka uliofuata.

Hapa ndipo ninapopata tabu kila ninapoyasoma maisha yake. Waingereza walikwisha kuubana ukadhi tangu kanuni zao za mwaka 1897. Jinai wakaichukua wao, kadhi akabakiziwa ndoa, talaka, mirathi na mengine ya aina hiyo. Mshahara wake ulitoka kwa serikali, na mtu anayelipwa na serikali hawezi kuandika kama mtu huru. Je, tulipata kadhi tukapoteza mwandishi? Kwa muda mrefu niliamini hivyo, na sehemu ya moyo wangu bado inaamini. Lakini mjane aliyedhulumiwa mirathi yake haokolewi na makala gazetini. Anahitaji mtu anayeijua sheria ya Allah na mwenye mamlaka ya kuhukumu. Kama Sheikh Al-Amin angekikataa kiti kile, angekikalia nani?

Na kiti chenyewe kilikuwa na maajabu yake. Mwambao ulikuwa ukihesabiwa kuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza. Mazrui ndio waliotawala Mombasa hadi Sayyid Said alipowang'oa mwaka 1837! Sasa mtoto wao anahukumu chini ya bendera ya Sultani. Yeye mwenyewe aliiandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake na utawala wao.

Tena kalamu hakuitupa kabisa. Mwaka 1944, akiwa Kadhi Mkuu, makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi. Aliandika vitabu vya kusomeshea watoto dini, akaanza na kazi ya kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, wakati ambapo tafsiri iliyokuwapo ilikuwa ya kasisi Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Mauti yalimkuta hajaimaliza, akiwa na miaka 56.

Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1963, mwaka uleule ambao huku kwetu Tanganyika makadhi waliondolewa katika mfumo wa mahakama. Na mwanawe Sheikh Al-Amin, aliyekuwa na miaka 14 baba alipofariki, ambaye mzee alitamani akasome Al-Azhar, hakwenda huko. Alisoma Uingereza na Marekani, akawa Profesa Ali Mazrui, mtu wa kalamu hadi alipofariki Marekani mwaka 2014, akarudishwa Mombasa kuzikwa.