Lister na mguu wa kijana wa Kariokor

Kila alfajiri mikokoteni hupita karibu na soko la Kariokor ikielekea Gikomba, imesheheni viazi, mbao na mitumba, huku wavutaji wakipiga mluzi ili watu wawapishe. Miaka kadhaa iliyopita gurudumu la mkokoteni mmoja lilimpanda mguuni mwanafunzi wangu. Mfupa ulivunjika ukachomoza nje ya ngozi. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa, na mfupa ukaungwa barabara. Siku ya 5 jeraha likaanza kunuka.

Nilipokwenda kumjulia hali, nilimwona mhudumu akifungua bandeji ya mgonjwa mmoja, kisha ya mwingine, kwa mikono ile ile. Bomba la maji la wadi lilikuwa kavu. Nami, kwa huruma yangu, niliinua shuka nikaushika mguu ule kwa mikono niliyotoka kushikia vyuma vya matatu. Kijana hakufa, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Jamaa zake walisema ni kudra ya Mungu. Mimi ulimi ulikuwa mzito kuitikia, kwa maana nilikuwa nimekwisha kusoma maisha ya Joseph Lister. Walimu na wanafunzi wanisamehe nikiyasimulia leo.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, karibu na London. Wazazi wake walikuwa waumini wa madhehebu ya Marafiki, ambayo wasomaji wa Kaimosi na Vihiga wanayafahamu vema. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, lakini saa zake za mapumziko alizitumia kusaga vioo vya hadubini, hata akaiboresha kuliko wataalamu wengi wa zama zake. Kwa hiyo Lister alizoea tangu utotoni kuamini kwamba kuna mambo yaliyopo ingawa jicho haliyaoni. Imani hiyo ndiyo iliyomfaa baadaye.

Alisomea udaktari London, kisha mwaka 1853 akaenda Edinburgh kujifunza kwa James Syme, mpasuaji mashuhuri. Mwaka 1856 alimwoa Agnes, binti wa Syme, na kwa ndoa hiyo akaliacha dhehebu la wazazi wake. Hawakujaliwa watoto. Agnes akawa msaidizi wake katika utafiti, akiandika kumbukumbu za majaribio waliyoyafanya nyumbani kwao.

Hapana budi msomaji aelewe hali ya hospitali za siku hizo. Nusukaputi ilikuwa imeingia Uingereza mwaka 1846, na mgonjwa aliweza kupasuliwa bila kusikia maumivu. Wapasuaji wakapata ujasiri wa kupasua zaidi. Lakini vifo havikupungua, kwa sababu walioponea kisu waliuawa na usaha. Mpasuaji alivaa koti lililokauka damu ya miezi, akajivunia koti hilo kama askari anavyojivunia nishani. Vyombo vilifutwa kwa kitambaa tu. Harufu ya kuoza ilipozidi wadini, wakubwa walisema ni hewa mbaya, wakafungua madirisha.

Mwaka 1860 Lister aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji Glasgow. Huko alihesabu wagonjwa wake waliokatwa mkono au mguu katika miaka ya 1864 na 1866: walikuwa 35, na 16 kati yao walikufa. Mwingine angalisema ni kudra. Lister aliuliza sababu. Aligundua jambo dogo lenye maana kubwa: mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima hupona bila usaha, lakini ngozi ikitoboka jeraha huoza. Basi kuna kitu kinachoingia kutoka nje.

Jibu alilipata kwa kusoma. Mwaka 1865 alielekezwa kwenye maandishi ya Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeonyesha kwamba mvinyo na maziwa huchacha kwa sababu ya viini hai visivyoonekana kwa macho. Lister akawaza kwamba huenda nyama ya jeraha nayo huozeshwa na viini vya namna hiyo. Alikuwa amesikia kwamba katika mji wa Carlisle maji machafu yalimwagiwa asidi ya kaboliki, na uvundo ukatoweka. Akaamua kuijaribu dawa hiyo katika jeraha.

Tarehe 12 Agosti 1865 aliletewa mtoto wa miaka 11, James Greenlees, aliyekanyagwa mguu na gurudumu la gari la kukokotwa. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Desturi ya wakati huo ingeelekea kuukata mguu. Lister aliosha jeraha kwa kaboliki, akalifunga kwa kitambaa kilicholowa dawa hiyo, akangoja. Usaha haukuja. Baada ya wiki 6 hivi mfupa uliunga, na mtoto akatembea kwa miguu yake miwili. Kila nikifika hapa katika kisa hiki, namkumbuka mwanafunzi wangu. Gurudumu ni lile lile na jeraha ni lile lile, ila miaka zaidi ya 100 imepita kati yao.

Siku moja tu baada ya tiba hiyo, tarehe 13 Agosti 1865, daktari mwingine alifariki katika hifadhi ya wagonjwa wa akili huko Vienna. Huyo alikuwa Ignaz Semmelweis wa Hungaria. Mwaka 1847 aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wanawake waliojifungua, na vifo vikapungua sana. Wenzake walimkejeli, na yeye mwenyewe akafa kwa jeraha lililooza.

Lister naye alipingwa. Mwaka 1867 alipochapisha matokeo yake, wengi waliuliza viko wapi viini hivyo. Yeye hakujibizana nao sana, aliendelea kuhesabu. Kati ya 1867 na 1869, kwa wagonjwa 40 waliokatwa viungo, walikufa 6. Hesabu ilisema kwa niaba yake. Alihamia Edinburgh, kisha London mwaka 1877, na mwaka 1897 akapewa cheo cha ulodi. Alifariki tarehe 10 Februari 1912.

Jambo moja zaidi linanifanya nimheshimu. Kwa miaka mingi alipuliza kaboliki hewani wakati wa upasuaji, akidhani hatari kubwa imo hewani. Mwaka 1890 alikiri hadharani huko Berlin kwamba mashine ile haikuwa na haja. Hatari kubwa zaidi ilikuwa mikononi na katika vyombo. Mtu mkubwa aliweza kusema kwamba amekosea.

Wala tusidhani kwamba usafi huu ni zawadi tuliyoletewa na Wazungu peke yao. Mwaka 1879, Robert Felkin, aliyesomea udaktari Edinburgh, alishuhudia huko Bunyoro mganga akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mganga alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaliosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, na baadaye akaufunga mshono kwa sindano za chuma. Mama na mtoto waliishi. Felkin alilichapisha tukio hilo mwaka 1884.

Je, sisi tumefika wapi? Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizo, na barani Afrika hadi wanawake 20 katika kila 100 wanaojifungua kwa upasuaji. Lakini tiba haikosekani. Hapa kwetu, utafiti wa hospitali ya Thika uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha faida ya kumpa mgonjwa dawa ya kuua bakteria kabla ya kisu kugusa ngozi, badala ya kumlundikia dawa siku nyingi baadaye. Maambukizo ya juu ya jeraha yalipungua, na dawa zikaokolewa.

Jina la mtaa wetu latokana na wapagazi wa Carrier Corps wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Nasi tunaoishi juu ya jina lao, tusiyaite kudra yale ambayo sabuni inaweza kuyazuia. Serikali ihakikishe bomba la wadi lina maji. Mhudumu anawe kabla ya kila mgonjwa, na mgonjwa awe na haki ya kumkumbusha bila kukaripiwa. Nasi tunaokwenda kuwaona wagonjwa tuiache bandeji ilivyo.

Mwanafunzi wangu sasa ni fundi wa ngozi, hushona viatu akiwa ameketi. Siku moja aliniuliza kama ni mimi niliyemtia viini vile. Nilimjibu kwamba sijui. Tangu siku hiyo hunawa mikono kabla ya kuingia wadi yoyote, na nimewafunza wanafunzi wangu wote kufanya hivyo.