Anton Chekhov: daktari aliyewafundisha wengi kusimulia

Kila Jumapili makanisani mwetu kuna watu wanaosimama mbele ya wengine kusimulia. Mhubiri anasimulia, mama anatoa ushuhuda, mwalimu wa shule ya Jumapili anawaeleza watoto habari za Yosefu, vijana wanatunga mchezo wa Krismasi. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Lakini kusimulia vizuri ni kazi ya kujifunza, kama vile fundi seremala anavyojifunza kupima mbao kabla ya kuzikata. Kwa sababu hiyo, leo tuangalie maisha ya Anton Chekhov, Mrusi aliyefariki mwaka 1904, ambaye waandishi wa hadithi fupi duniani wangali wanamsoma kama mwalimu wao. Hakuwa mtumishi wa kanisa. Alipokuwa mtu mzima imani ya utoto wake ilikuwa imemtoka, na hatutaficha jambo hilo. Hata hivyo kuna mengi ambayo sisi watu wa kanisa tunaweza kujifunza kwake.

Mjukuu wa mtumwa

Chekhov alizaliwa mwaka 1860 huko Taganrog, mji wa bandari kusini mwa Urusi. Babu yake alikuwa mmoja wa wale wakulima waliozaliwa wakiwa mali ya bwana mwenye ardhi, wakiweza kuuzwa pamoja na shamba. Mzee huyo aliweka akiba miaka mingi, na mwaka 1841 akajikomboa pamoja na jamaa yake kwa rubli 3,500. Kwa hiyo Anton alizaliwa huru, lakini harufu ya utumwa ilikuwa bado nyumbani.

Baba yake, Pavel, alikuwa na duka dogo la vyakula. Alipenda sana ibada, na alikuwa kiongozi wa kwaya. Watoto wake aliwaamsha usiku wa baridi kwenda kuimba, na kosa dogo lilileta fimbo. Anton alipokuwa mkubwa alikumbuka kwamba waumini walipowasikia wakiimba waliguswa moyo na kuwaonea wazazi wao wivu, kumbe watoto wenyewe walijisikia kama wafungwa wadogo. Wazazi na viongozi wa kwaya tulifikirie hilo. Mtoto yule alijua Maandiko na nyimbo za kanisa kuliko wengi, na maneno hayo yalibaki katika maandishi yake mpaka mwisho. Lakini furaha ya ibada ilikuwa imevunjwa mapema. Kwa upande mwingine, mama yake, Yevgenia, alikuwa mpole na hodari wa kusimulia. Watoto walikaa karibu naye wakisikiliza habari za safari zake za ujana.

Mwaka 1876 duka lilifilisika. Baba alitoroka wadai akaenda Moscow, na jamaa wakamfuata. Anton, akiwa na miaka 16, alibaki peke yake Taganrog kumaliza shule. Alijitegemea kwa kufundisha watoto wa watu wengine, na kidogo alichopata alikigawa na kumtumia mama yake.

Kuandika ili watu wale

Mwaka 1879 alifika Moscow, akaanza masomo ya udaktari katika chuo kikuu. Jamaa yake waliishi kwa shida sana, nao wakamtegemea yeye. Kwa hiyo mwaka 1880 alianza kuuza vichekesho vifupi kwa magazeti, akilipwa kwa kuhesabu mistari. Mhariri mmoja, Nikolai Leikin, hakupenda hadithi ipite mistari mia moja hivi. Kijana alinung'unika, lakini sheria hiyo ilikuwa shule yake. Alijifunza kuingia katika habari bila kuzungukazunguka, kumwonyesha mtu kwa alama moja au mbili tu, na kunyamaza mapema.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1884. Mwezi Desemba mwaka uleule alikohoa damu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 24.

Mwaka 1886 barua ilimfikia kutoka kwa mwandishi mzee mwenye heshima, Dmitri Grigorovich. Mzee huyo hakuwa ndugu yake. Alikuwa amesoma hadithi zake, akamwandikia kwamba amepewa kipawa cha kweli na kwamba ni vibaya kukitumia kwa haraka-haraka. Chekhov alijibu kwa shukrani nyingi, akikiri kwamba hakumbuki hata hadithi moja aliyoifanyia kazi zaidi ya siku moja. Tangu hapo alianza kuandika kwa uangalifu zaidi na kwa jina lake halisi badala ya majina ya utani. Barua moja ya mzee ilibadilisha njia ya kijana. Wazee wetu makanisani, ni kijana gani anayengoja neno kama hilo kutoka kwenu?

Dereva na farasi wake

Mwaka huohuo wa 1886 ilitoka hadithi yake juu ya Iona, mzee anayeendesha gari la farasi mjini. Ni jioni, theluji inaanguka, imemfunika yeye na farasi wake. Mwana wa Iona amekufa juma lile. Mzee anatamani kumweleza mtu mmoja tu namna mtoto alivyougua, aliyosema kabla ya kufa, namna walivyomzika. Anamwambia abiria wa kwanza, ambaye anauliza kidogo kisha anafumba macho. Anawaambia vijana walevi, nao wanamtukana. Anamwambia dereva mwenzake, huyo analala usingizi. Mwishoni anaingia zizini na kumsimulia farasi wake yote.

Tazama kazi iliyofanywa hapo. Mwandishi hakusema hata mara moja kwamba dunia haina huruma. Hakumlilia Iona. Alituonyesha theluji, abiria wenye haraka, na farasi anayetafuna majani, kisha akaacha tuhukumu wenyewe. Baadaye alimshauri mwanamke mmoja aliyejifunza kuandika kwamba, akitaka msomaji aone huruma, yeye mwandishi awe baridi kidogo, kusudi huzuni ya watu wake ionekane. Na yeye alimfundisha kaka yake Alexander kwamba usiku wa mbalamwezi huonekana vizuri kwa kipande kimoja cha chupa kinachong'aa kuliko kwa maneno mengi ya sifa juu ya mwezi. Mhubiri anayepaza sauti na kulia kabla ya wasikilizaji wake amewanyang'anya machozi yao.

Kwenda kuwaona wafungwa

Mwaka 1890, akiwa tayari na jina na tuzo, Chekhov aliamua kwenda Sakhalin, kisiwa cha mashariki ya mbali ambako serikali ilipeleka wafungwa. Reli ya kuvuka Siberia ilikuwa haijaanza kujengwa. Alisafiri karibu miezi mitatu, kwa gari la farasi katika matope na kwa mashua katika mito, naye kifua chake kilikuwa kigonjwa. Kisiwani alikaa miezi mitatu, akaingia nyumba kwa nyumba na kujaza kadi karibu 10,000: jina la mtu, umri, alikotoka, kama anajua kusoma. Aliona watoto wakikulia gerezani na watu wakipigwa viboko. Kisha akaandika kitabu chenye hesabu na ushahidi. Hakutaka kusimulia juu ya watu ambao hakuwaona kwa macho.

Aliporudi alinunua shamba huko Melikhovo, kusini ya Moscow, mwaka 1892. Hofu ya kipindupindu ilipoingia nchini, alikubali bila mshahara kuangalia vijiji 25, viwanda 4 na nyumba moja ya watawa. Wakulima walisimama mlangoni kwake tangu alfajiri. Alisaidia pia kujenga shule tatu kwa ajili ya watoto wao.

Mwanafunzi wa teolojia kwenye moto

Mwaka 1894 aliandika hadithi fupi sana ambayo inajulikana kwamba aliipenda kuliko nyingine zake. Ni jioni ya Ijumaa Kuu. Mwanafunzi wa teolojia, Ivan, anarudi nyumbani akiwa na njaa na baridi, akiwaza kwamba umaskini na giza hivi vimekuwapo siku zote na havitakwisha. Anakuta wajane wawili wakiota moto bustanini, mama na binti yake. Anakaribia kuota moto, na moto huo unamkumbusha Petro katika ua wa kuhani mkuu, kama tunavyosoma katika Luka 22. Basi anawasimulia usiku ule: Petro amechoka, hajalala, anampenda Yesu na anaona kwa mbali akipigwa. Kisha jogoo. Mama mzee anaanza kulia, na binti, aliyeteswa sana na mume wake, anakaza macho kama mtu anayezuia maumivu makubwa.

Ivan anaondoka, na njiani anaelewa: kama wajane hawa wameguswa, basi yaliyotokea karne 19 zilizopita yanawahusu wao, na yanamhusu yeye. Furaha inamjaa. Hakuwa amehubiri mambo matatu yenye vichwa. Alisimulia Maandiko kwa ukweli, kwa watu wenye maumivu, karibu na moto wa kweli. Sisi tuliopita chuo cha teolojia tunaihitaji hadithi hii.

Mwisho wa safari

Kifua kikuu kilimlazimisha kuhamia Yalta, kwenye bahari. Mwaka 1901 alimwoa Olga Knipper, mwigizaji. Mwaka 1902 alitoa hadithi ya askofu anayekufa katika juma linalotangulia Pasaka, ambaye cheo chake kimemtenga na watu hata mama yake anaogopa kumwita mwanangu, mpaka saa ya kufa. Alifariki Julai 1904 huko Badenweiler, Ujerumani, akiwa na miaka 44, akazikwa Moscow.

Ndugu na dada, katika makanisa yetu ya mashariki akina Iona ni wengi. Wapo waliokimbia vijiji vyao, waliozika watoto njiani bila nafasi ya kuomboleza, na tangu siku ile hawajapata mtu wa kukaa naye mpaka mwisho wa habari. Sisi tunawasalimia mlangoni na kuharakisha ibada. Juma hili, mhubiri na mwalimu atafute mmoja wao, aketi, asikilize bila kukatiza na bila kutoa fundisho. Kama amemruhusu, ndipo siku moja atasimulia. Na akisimulia, aseme yale aliyosikia, yasizidi. Mungu atupe masikio kabla ya kutupa maneno. Amina.